Hapana Ambayo Euphrasia Hakuisema

Asubuhi ile mke wangu Euphrasia alikula michembe ya viazi na karanga, chai akaiacha ipoe. Alikaa barazani, kompyuta mapajani, miwani imeshuka puani. Mimi nilikuwa nachonga mpini wa jembe. Kuku walikuwa miguuni kwake wanadonoa maganda ya karanga, hata hawaoni. Nikamwambia chai inapoa. Akaendelea kugonga vitufe. Nikajua amekasirika.

"Baba Vumilia," akasema, "huyu mtoto ameniharibia ukurasa."

"Mtoto yupi?"

"Januari. Ameingia ndani, amefuta jibu la tatu."

"Amekosea?"

"Hajakosea. Amefuta. Lilikuwa linamchelewesha." Akavua miwani. "Ndiyo maana Mageni kachukuliwa mbuzi. Nilikuwa najiuliza, mjane wa watu, hakosi msiba hata mmoja, mbuzi kachukuliwa kwa lipi?"

"Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa nikitoka kumtukana."

Akacheka kidogo, nami nikacheka. Halafu akasema maneno mengine. Hayo nitayaweka mwisho, ndipo mahali pake.

Jua lilipopanda alijifunga kanga ya pili aende kwa Januari. Alishika mwimo wa mlango, akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuinuka. Moyo. Ulikuwa unamsumbua tangu masika.

Kwenye mazishi walisoma karatasi. Marehemu alizaliwa Mwadui, alisoma, aliolewa, alijaliwa mtoto mmoja, aliugua, amefariki. Amina. Hata vumbi halikutulia, karatasi imekwisha. Nilikaa pale nimeuma meno. Mtu mzima wanamsoma kama bei ya chumvi. Kwa hiyo naandika mwenyewe. Shule sikwenda. Kusoma na kuandika nilifundishwa na yeye, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa almasi. Yeye alikulia kwenye nyumba zenye bomba na taa, akajifunza kupiga chapa. Nilimkuta kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi nilikuja na mkokoteni wa ng'ombe, nina vumbi mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa dirishani na mashine yake. Aliniuliza jina.

"Jilala."

"Jilala nani?"

"Jilala tu."

"Basi nitaandika Jilala Tu," akasema, na akaandika hivyo hivyo. Mwaka mzima pale kiwandani waliniita Bwana Tu.

Nilipeleka ng'ombe kwao. Ndugu zake walisema binti yao anakwenda kulala na ndama. Alikuja. Alijifunza kukamua, nami nikajifunza herufi.

Mashine za chapa zilipokufa, kazi nayo ikafa. Alikaa nyumbani miaka mingi, analima, anazika na wenzake, anasoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi. Vumilia, binti yetu, akaenda Geita kuuza chakula kwa wachimbaji. Mama yake alikwisha kuwa na mvi aliposikia kuna dada mmoja huko Nyahanga anaitwa Noela, anafundisha kompyuta kwenye ukumbi wa parokia. Akapanda bodaboda akaenda.

Vijana wa pale walimwuliza, "Bibi, shikamoo, unamsubiri mjukuu?"

"Marahaba. Nasubiri nafasi ya mbele. Sogea."

Noela mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema darasa zima lilisogea.

Walikuwa wanajifunza lugha ya kutengenezea kurasa za mtandaoni, inaitwa JavaScript. Jioni alikuwa akirudi ananifundisha na mimi. Sikumwomba. Alikuwa mtu wa namna hiyo, kitu hakikai kichwani mwake peke yake. Alinifundisha kwa vyombo vya jikoni, wakati tunabangua karanga.

"Hii kompyuta," alisema, "kabla ya kukufanyia kazi inataka kujua umeipa kitu cha aina gani. Kuna namba. Kuna maandishi. Kuna ndiyo na hapana. Hivyo ndivyo vya kuanzia."

"Namba na maandishi si kitu kimoja? Vyote si unaandika?"

"Ngoja." Akaandika nne kwenye alama za nukuu, akaandika tano kwenye alama za nukuu, akaiambia ijumlishe. Ikajibu arobaini na tano.

Nilisema imekunywa pombe. Alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"Haijanywa. Ukiweka alama za nukuu umeiambia haya ni maandishi. Maandishi hayajumlishwi, yanaunganishwa. Imebandika nne karibu na tano. Kosa si lake, ni la aliyeipa."

Nililielewa hilo. Ng'ombe aliyechorwa ukutani hakamuliwi.

Halafu akaja kwenye utupu. Hapo nilichoka, lakini yeye ndipo alipopapenda. Akachukua sufuria. Ndani hamna kitu.

"Nimepima unga, nimekuta hamna. Hiyo ni sifuri. Ni namba kamili, mtu amehesabu." Akachukua kopo. "Hili nimelisafisha, nimeliacha tupu makusudi, nimekwambia usitie kitu. Wao wanaita null." Akaonyesha kibuyu kilichoning'inia darini. "Kile tangu nikilete hakuna aliyetia kitu wala aliyechungulia. Wanaita undefined."

"Vyote havina kitu."

"Vyote havina kitu, lakini havisemi jambo moja."

Akaniambia na kichekesho. Kuna namna ya kuiuliza ile lugha, hiki ni aina gani, nayo inakujibu. Ukiiuliza null ni aina gani, inajibu kwamba ni kitu, tena kile kitu cha kubebea vitu vingine. Ni uongo. Walioitengeneza walikosea zamani, wakaona kulirekebisha kutaharibu kurasa za watu, wakaliacha.

"Wanajua ni kosa?"

"Wote wanajua."

"Na hawalitoi?"

"Wamelizoea. Kama wazee wa nzengo."

Sasa nifike kwenye nzengo, maana hasira yangu iko huko.

Nzengo ni majirani tunaozikana. Mtu akifa, nyumba zote zinatoka. Mwanamume na jembe, mwanamke na unga, kuni au maji. Usipotoka bila sababu, siku ya kwako hakuna jembe linalogusa udongo mpaka utoe mbuzi. Mgonjwa amesamehewa, tangu enzi za babu zetu. Ni utaratibu mzuri. Sina ugomvi nao.

Mwenyekiti wetu ni Magesa. Zamani alikuwa anaita majina pale kaburini na watu wanaitikiana. Mtu yuko kilabuni, mwenzake anaitikia "yupo". Magesa akaja kwetu.

"Mayu," akamwambia mke wangu kwa heshima, "tufanyie kitu kwenye simu. Kila nyumba, kila msiba, nani katoka na nani hakutoka."

Mke wangu akautengeneza ule ukurasa. Kila mtu alikuwa na nafasi yake kwa kila msiba, na nafasi ina majibu matatu: alikuja, hakuja, hatujaulizia. Alipouonyesha kikaoni, Januari alikuwepo. Ni katibu, anatengeneza simu za watu sokoni, kijana mwepesi wa mikono na mwepesi wa mdomo.

"Bibi, la tatu la nini?" Januari akauliza. "Mtu kaja au hajaja."

"La tatu ni la kwako, ukiwa hujui."

Magesa akaingilia. "Mimi mwenyekiti nisijue nani kaja kuzika?"

"Wanaume unawaona, wako kaburini. Wanawake wako nyuma ya nyumba kwenye moshi. Umewahi kufika nyuma ya nyumba, mwenyekiti?"

Wanawake walicheka, Klara akacheka kuliko wote. Klara ni mkuu wa jikoni, kila msiba yeye ndiye anayejua nani kaleta nini. Ikakubaliwa: mambo ya wanawake Januari atamwuliza Klara. Kabla hajamwuliza, nafasi inabaki wazi, na ukurasa unasema hatujaulizia.

Mke wangu alinieleza hatari ilipo. Ile lugha ukiiuliza kwa mkato, "huyu kaja?", inavichukua vyote visivyo na kitu, sifuri, maandishi matupu, kopo tupu la makusudi, kibuyu kisichochunguliwa, inavisimamisha upande mmoja na hapana. Kwa hiyo yeye hakuuliza kwa mkato. Aliuliza kwa urefu: kuna mtu aliyeandika hapana yenyewe? Kama hakuna, usiseme hapana.

Januari akaona urefu huo unamchosha. Na jikoni kuna moshi. Akafuta jibu la tatu, akauliza kwa mkato ule ule ambao mke wangu aliukwepa. Tangu siku hiyo kila mwanamke ambaye hakuulizwa akawa hakuja. Mageni ndiye aliyeanza. Baba yake mkwe alipofariki walimdai mbuzi kabla ya kuchimba, akatoa huku analia, akidhani labda kuna msiba kausahau. Mtu mwenye msiba atabishana saa ngapi?

Masika Euphrasia aliugua, nikampeleka Geita kwa Vumilia, karibu na hospitali. Huku nyuma ikatokea misiba miwili. Yote nilichimba. Nilibeba na unga aliouagiza mwenyewe, nikamkabidhi Klara. Nikamwambia Januari kwa mdomo wangu, "Mama Vumilia yuko kitandani Geita."

"Sawa mzee, pole sana. Nitaandika."

Hakuandika.

Nimefika siku yenyewe ya kuzika. Euphrasia amelala chumbani, wanawake wamekwisha kumwosha. Vumilia amefika kwa basi la alfajiri. Wanaume wako uani na majembe yao, wamekaa. Hawainuki. Nikamwona Magesa anakuja na Januari, Januari kashika simu mbele kama anabeba yai.

"Namhala," Magesa akaniita, kwa heshima ya mzee, "pole. Pole tena. Kuna jambo dogo."

"Sema."

"Ukurasa unaonyesha Mama Vumilia hakutoka misiba miwili. Unajua utaratibu. Mbuzi kwanza, halafu jembe."

Nilimwangalia Januari. "Wewe. Nilikwambia nini masika?"

"Mzee, mimi sibishi. Kompyuta ndiyo inasema. Na ameitengeneza mwenyewe."

Alisema hivyo. Maiti iko chumbani, na yeye anamshitaki marehemu kwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Ningekuwa na nguvu za zamani ningemtia kofi.

Vumilia akanivuta pembeni. "Baba, toa mbuzi. Mbuzi si wapo? Jua linapanda, mama yuko ndani."

"Mbuzi wapo."

"Basi?"

"Nikitoa nimekubali kwamba mama yako alikimbia maiti za watu. Ataingia ardhini na jina hilo. Sitoi."

"Baba, utabaki na maiti ndani?"

Nilichukua jembe langu, lile lile nililolitia mpini asubuhi ile. Nikaenda mahali palipoonyeshwa, nikaanza kuchimba.

Kwetu mfiwa hachimbi. Mwanamume hachimbi kaburi la mkewe wakati majirani wapo. Ni kuwaambia kwamba hawapo, kwamba unazika porini kama mtu asiye na watu. Nilijua. Nilikusudia. Udongo ulikuwa mkavu, kila pigo linarudi begani.

"Namhala, acha," Magesa akasema. "Unatuaibisha."

"Aibu mmekuja nayo."

"Toa mbuzi tuzike."

"Chungulia hiyo simu. Nani aliandika hapana?"

Magesa akamgeukia Januari. Januari akapangusa kioo kwa kidole, akapangusa tena. "Hakuna aliyeandika. Palikuwa wazi."

"Basi hapana imetoka wapi?"

"Pakiwa wazi inasoma hakuja."

"Nani aliiambia isome hivyo?"

Akaitia simu mfukoni. Nikaendelea kuchimba. Hapo nikamwona Mageni anakuja kutoka jikoni, kajifunga kanga kiunoni, kashika jembe. Mwanamke. Hakunisalimia wala hakuomba ruhusa, aliingia akaanza kutoa udongo. Nyuma yake Klara anafuata, mkono una unga, mwiko haujamtoka.

"Nyie wanaume mnasubiri nini, ugali?" Klara akafoka. "Magesa! Mwanamke huyu hakutoka misiba ipi?"

Magesa akaitaja.

"Yote miwili unga wake niliupokea mimi. Alikuwa mgonjwa Geita, na unga aliuleta, mgonjwa! Wewe mzima mkeo alileta nini?"

"Sasa mbona hukusema, mayu?"

"Nimwambie nani? Mlikubaliana huyu aje aniulize. Amekuja? Januari, umewahi kuja jikoni kuniuliza? Sema mbele za watu."

"Sijaja," Januari akasema.

"Mageni je? Uliniuliza habari za Mageni?"

Januari akatikisa kichwa.

Mtu mmoja akainuka, akaja akanishika jembe. Halafu mwingine. Magesa naye akavua koti. Sikuachia upesi. Niliwaambia mtachimba, lakini hashuki humu mpaka huyu aseme kwa sauti, watu wote wasikie. Wakachimba. Noela alikuwa amefika kutoka Nyahanga, amesimama na akina mama, analia bila sauti. Hakufungua kompyuta yoyote. Haikuhitajika.

Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, Januari alisimama. Alisema, "Mama Vumilia hakukosa msiba. Mimi sikuuliza." Alisema akiangalia udongo. Nikawaambia washushe.

Watu wanadhani hapo nilipoa. Sikupoa. Kesho yake walianza kuja kunipa pole, wananiambia Januari ni kijana, nimsamehe, hata ile lugha si mmesema ina makosa yake? Ndiyo, ina makosa. Lakini aliyeyajua makosa yake aliyakatia njia, akaweka jibu la tatu mlangoni kama mtu anayeziba shimo ng'ombe wasivunjike miguu. Mwingine akaja akafukua shimo. Kwa nini? Moshi wa jikoni ulikuwa unamchoma macho.

Noela amelirudisha lile jibu. Nimeshaliona kwenye simu ya Klara. Jina la Euphrasia bado lipo, na misiba ile miwili imeandikwa mgonjwa, alileta unga. Januari bado katibu. Sasa anakwenda jikoni, anakohoa, wanawake wanamwongezea kuni mbichi.

Lakini mbuzi wa Mageni hakurudi. Magesa aliahidi pale pale kaburini kwamba atarudishwa. Kila nikimkuta ananiambia litazungumzwa. Nikimwuliza lini, anasema mbuzi mwenyewe ameshaliwa na nzengo nzima, sasa alipe nani? Mageni hasemi. Amezoea kunyamaza, na wao wamezoea anyamaze. Kitu kikizoeleka hakitolewi tena, mke wangu aliniambia.

Juzi nilikwenda kwa Magesa, mchana kweupe, watu wako barabarani. Sikubisha hodi nyumbani, nilikwenda zizini. Nikachagua jike, zuri, lenye mimba. Nikalifunga kamba. Magesa akatoka na bakuli la uji mkononi.

"Mwadila, namhala," akanisalimu. "Kulikoni?"

"Nampelekea Mageni mbuzi wake."

"Huyo ni wangu!"

"Wake mlimla. Mwenyekiti ni wewe."

"Jilala, unanichukulia mbuzi mbele ya macho yangu? Kikao kikiniuliza nitawaambia nini?"

Nilikuwa nimeshafika njiani. Mbuzi alikuwa anavuta upande wake, mimi upande wangu. Nikasimama. Nikamwambia awaambie maneno aliyoyasema Euphrasia barazani, asubuhi ile, chai ikipoa. Nikamtamkia kama alivyoyasema:

"Kama hujamwuliza mtu, acha pawe wazi. Usimwandikie hapana kwa sababu tu una hamu ya mbuzi wake."